Radhi Aliyoninyima Bi Mkasi

Nyote mliokuja kunitazama tangu nirudi mmeniuliza jambo moja, na nyote nimekujibuni kwa maneno mawili matatu kisha nikakusogezeeni kahawa. Si kiburi. Tangu nipasuliwe shingo sauti yangu inakwaruza, na nikizungumza sana hukatika kabisa, nikabaki nafumbua mdomo bila kutoka kitu. Kwa hiyo nimeona niandike. Anayetaka kujua na asome, na asiyejua kusoma na asomewe, ila asisomewe na ndugu yangu Faki, maana huyo ataongeza yake.

Mnajua kwamba mwaka jana nilitolewa rovu la shingoni huko Nairobi, na kwamba walipolichunguza waliona si rovu tu, ni saratani. Walinikata, wakaninywesha dawa isiyo na harufu wala ladha, wakanifungia chumbani peke yangu siku kadhaa. Halafu wakasema: kila mwaka urudi tukupige picha, tuone kama kuna iliyobaki au iliyorudi. Safari hii ndiyo ilikuwa safari ya picha.

Picha hiyo ina masharti. Unaachishwa vidonge vya kila siku, vile vinavyofanya kazi ya hiyo tezi iliyotolewa, na wiki chache zikipita mwili unakuwa mzito, unasikia baridi jua likiwaka, unasahau hata jina la mtoto wa jirani. Halafu usile kitu cha baharini. Samaki hakuna, pweza hakuna, chaza hakuna, chumvi yetu ya kupika pwani hakuna. Daktari alinieleza hivi: ndani ya bahari kuna kitu kilekile kilichomo katika dawa ya picha. Mwili ukishiba cha baharini hauitaki tena dawa, na picha hutoka safi hata kama ugonjwa umekaa humohumo. Hayo yakumbukeni, maana ndiyo yaliyonitesa.

Wambaa

Kwetu Pemba mtu akienda safari kubwa hutaka radhi. Anazunguka nyumba hadi nyumba, anasema kama nimekukosea nisamehe, na mwenzake anamjibu nimekuwia radhi, nawe niwie. Wanafanya hivyo wanaokwenda Makka, na wagonjwa wanaopelekwa mbali. Mwaka jana nilipozunguka, mji mzima ulilia. Mpaka watu nisiowajua vizuri walinishika mikono wakalia, na mimi nikajiona nimeshakufa, imebaki kuoshwa tu.

Mwaka huu mambo yalikuwa mepesi. Mmoja wenu, na sitamtaja, alinipa radhi huku anakuna nazi, hata kichwa hakuinua. Mwingine aliniuliza, "Kwani ile ya mwaka jana imeshakwisha?" Sikumlaumu. Mtu akiaga kila mwaka na kila mwaka akarudi, watu huchoka kulia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mkasi. Mimi na yeye tumepakana ua miaka yote, kinu tulikuwa nacho kimoja, na watoto wake wawili walizaliwa mikononi mwangu. Lakini mnajua vyama vilivyotuingilia. Mumewe yuko huku, Faki wangu yuko kule, na tangu siku ile walipotoleana maneno mbele ya msikiti, kinu kimebaki kwake na mimi natwanga kwa watu. Sisi wanawake hatukugombana. Tuliacha tu kuitana.

Nilimkuta barazani anachambua karafuu, vikonyo upande huu, karafuu upande ule.

"Bi Mkasi," nikamwambia, "nimekuja kutaka radhi. N'nasafiri."

"Wendapi?"

"Nairobi. Kwenye picha."

"Wende urudi."

 Mikono yake haikusimama.

"Na radhi?"

"Sikupi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza tena, nikamwambia kama ni maneno ya wanaume, mimi simo. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nimesema sikupi, Riziki. Kamwombe mwengine. Wende zako, gari itakuacha."

Katika mji mzima, mtu mmoja tu alininyima. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Mnajua tunavyoamini kuhusu mtu kwenda kwa Mola wake na haki ya jirani iko shingoni. Na mimi ugonjwa wangu uko shingoni humohumo.

Wesha

Mimi na Faki tulikwenda Chake kwa gari, tukateremka bandarini Wesha tukakuta maji yametoka. Meli ilikuwa nje huko, ndogo, na kati yetu nayo kulikuwa na matope na vidimbwi. Abiria wakaambiwa wangoje maji yajae. Wengine walijilaza juu ya magunia. Mimi nilikaa pembeni ya mwanamke mmoja aliyekuwa anakaanga pweza, kosa langu, maana ile harufu ilinitoa machozi. Nilikuwa na maandazi makavu ndani ya kitambaa, na ndizi.

Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Micheweni anayekwenda Unguja kumwona mjukuu. Aliitazama shingo yangu kwa muda, buibui lilikuwa limeteleza, kisha akamuuliza Faki kama kwamba mimi sipo.

"Huyu kafanywa nini shingoni?"

"Waya wa kuanikia nguo," akajibu Faki bila kupepesa. "Alikuwa anakimbia mvua."

Yule mama akasikitika, akasema waya ni kitu kibaya, heri kamba ya usumba wa nazi. Nikamfinya Faki. Yeye anasema hivyo kwa ajili yangu, ati watu wakisikia saratani wanasogea. Ni kweli wanasogea. Mwaka jana kuna mtu alihama baraza nilipokaa, akasingizia jua.

Yule mama hakusogea. Alinipa kipande cha pweza kwenye jani. Nilipokataa alikula mwenyewe polepole, na nadhani aliniona mwenye maringo.

Unguja, na meli ya pili

Ya Unguja sina mengi. Tulishinda bandarini tukingoja meli ya Mombasa, ambayo ilisemwa itakuja asubuhi, ikasemwa mchana, ikaja alasiri. Watu walikuwa wanabishana siasa kila kibaraza, na Faki hakuweza kupita bila kutia neno. Nikamwambia akigombana akapigwa, mimi siwezi kumbeba, miguu yangu mwenyewe siiwezi.

Nieleze kitu kimoja, maana mmeniuliza nilikuwa nafikiri nini njiani. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa napapasa. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimejifunza njia: chini ya sikio, chini ya taya, kwenye kovu, juu ya mtulinga, halafu upande wa pili. Nikigusa kitu kigumu moyo unasimama. Halafu nakumbuka kitu hicho kilikuwepo jana na juzi, ni mfupa tu, au mshipa. Napumzika kidogo, na kidole kinaanza tena. Katika meli nilipapasa mpaka ngozi ikawa nyekundu, na Faki akanishika mkono akauweka mapajani mwangu, kama mama anavyomzuia mtoto kukuna tetekuwanga.

Niliogopa. Nasema wazi maana nyinyi ni wenzangu. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kuambiwa.

Mombasa

Mombasa tulifikia kwa Mwanasaada, binti wa ami yetu, aliyeolewa Mji wa Kale zamani mpaka maneno yake yamegeuka. Tulikuwa tulale usiku mmoja tu, lakini tuliambiwa nafasi katika gari moshi zimejaa, tungoje. Tukangoja siku tatu, na siku tatu za kungoja nyumbani kwa mtu mwenye mapenzi ni ndefu.

Nilimweleza masharti yangu tangu mlangoni. Samaki sili. Pweza sili. Chumvi nimekuja na yangu ya jiwe, ya bara. Mwanasaada alisikiliza, akashika shavu.

"Nduu yangu, sasa nikupikie nini? Mgeni atoke Pemba aje ale majani kwangu? Watu watasemaje?"

"Nipikie majani. Watu nitawaambia mimi."

Akanipikia mchicha wa nazi. Nakwambieni, sijala mchicha kama ule. Mdomo wangu ulikuwa umekufa wiki nzima kwa maandazi na ndizi, na mchicha ule ukaufufua. Nikala mchana, nikala jioni, nikaomba tena kesho yake. Siku ya pili akatia na maharage, na maharage nayo yalikuwa hivyo hivyo. Mwanasaada alikaa mbele yangu ananitazama ninavyokula, uso umemng'aa. Faki alisema mkono wa dada huyu una baraka. Nilifurahi, na nilikuwa sijafurahi muda mrefu. Kwa siku tatu hizo kidole changu kilitulia.

Jioni ya kuondoka alitusindikiza stesheni na kapu la chakula. Gari limeshapiga honi, mimi niko dirishani, yeye chini ananishika mkono.

"Uliupenda mchicha wangu?"

"Mno."

"Nawe wajua siri yake? Nalikuonea imani. Nalitia papa mkavu."

Niliuchomoa mkono wangu.

"Mwanasaada, nilikwambia samaki sili!"

"Si samaki," akasema, na alikuwa ananiambia kwa moyo safi kabisa. "Nimemtwanga hata amekuwa unga. Hakuna mwiba, hakuna mnofu. Ni unga tu, nduu yangu. Kwani mchicha mtupu huliwa?"

Gari likaondoka. Akabaki anapunga, na mimi nikapunga, maana ningefanya nini? Nasi pia kwetu hatupiki mboga bila kutia kidogo cha baharini, na mgeni akisema hali samaki tunaelewa kuwa hataki miiba. Ningekuwa mimi mwenyeji wake huenda ningefanya vilevile.

Gari moshi

Tulikaa na mama mmoja wa Kikamba mwenye kuku wawili ndani ya kikapu, na bwana mmoja karani aliyevaa tai. Karani aliiona shingo yangu, na Faki akamwambia nilianguka mkarafuu. Wote wawili wakataka kujua mkarafuu una urefu gani, na Faki akawa anaurefusha kila kituo.

Mimi nilikuwa nahesabu mchicha. Karani aliposhuka kunyoosha miguu, nikamwambia Faki, "Itabidi nimwambie daktari."

"Umwambie nini?"

"Kwamba nimekula papa."

"Akili yako nzima? Ukimwambia atasema picha haipigwi. Atakungojesha. Utakaa bila vidonge, na hivi sasa hebu jitazame." Kweli, uso wangu ulikuwa umevimba, na nilikuwa nimejifunga mashuka mawili na bado natetemeka. "Nyamaza, dada. Nyamaza wapige picha yao."

"Picha itatoka ya uongo."

"Itatoka safi, si umesema mwenyewe? Mwili ukishiba picha hutoka safi. Sasa sisi tumetoka Wambaa mpaka huku kutafuta nini? Si hiyo safi?"

Alisema kwa kunionea huruma, najua. Na nakuambieni kweli, nililitaka neno lile. Nililitaka kama mchicha. Nilijiona nimesimama Wesha, nimerudi, nawaambia watu wamesema safi, na mtu haulizi safi ya namna gani. Mwaka mzima ningelala. Nani angejua? Mimi peke yangu, na kidole changu.

Tulipita nyika tupu, kavu, rangi ya ngozi ya ng'ombe. Mama wa Kikamba alinipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe unaumwa?" Nikasema ndiyo. "Unaumwa nini?" Faki akafungua mdomo, lakini safari hii nilimtangulia.

"Saratani," nikasema. "Shingoni."

Yule mama akafikiri. "Hiyo siijui," akasema. "Kula muhogo." Akasogea karibu ili kikapu cha kuku kisinibane miguu.

Nairobi

Nairobi kuna baridi hata kwa mtu mzima wa afya. Tulifikia Pumwani, kwa mzee mmoja wa Kiunguja na mkewe, watu wema, nyumba ya mabati na jiko la makaa katikati ya chumba. Niliinamia jiko lile mpaka mke wa mzee akasema nitaunguza nguo.

Hospitalini walinikalisha katika benchi refu. Kando yangu alikaa mwanamke wa Kikikuyu wa rika langu, amejitanda blanketi, na alipojifunua niliona kovu lake. Lilikuwa mahali palepale pa langu. Yeye naye akaliona langu. Hatukuamkiana kwanza. Tulitazamana shingo, kisha tukacheka, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kama yangu.

Jina lake Mama Njeri. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani na changu kilimshinda mara nyingine, lakini mambo tuliyokuwa nayo ya kuambiana hayakuhitaji maneno mengi. Alinionyesha kidole chake cha shahada, akakipitisha chini ya sikio, chini ya taya, kwenye kovu. Nikamwonyesha changu.

Nikaitwa ndani. Daktari mzungu, mtu mpole, mwenye mkalimani kijana aliyezungumza kwa haraka. Akauliza yale ya kuulizwa. Vidonge umeacha? Nimeacha. Umekula kitu cha bahari?

Faki alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi.

Sijui kwa nini wakati ule nilimkumbuka Bi Mkasi. Sikumkumbuka kwa wema. Nilifikiri, yule mwanamke ameninyima radhi, basi nikifa na deni lake, nisife na la uongo juu yake. Ilikuwa hasira tu.

"Nimekula papa," nikasema. "Siku tatu. Alikuwa ametwangwa."

Mkalimani akamweleza daktari, na nadhani alimweleza na kule kutwangwa, maana daktari alitabasamu kidogo. Kisha akaacha kutabasamu. Akasema nirudi baada ya wiki mbili.

Faki alitangulia kutoka, hakuningoja mlangoni. Mama Njeri aliniuliza imekuwaje, nikamweleza. Yeye akacheka mpaka akashika shingo, kisha akasema na yeye ameambiwa aje wiki hiyohiyo, maana wamemkuta na homa. "Tutakutana hapa," akasema. "Mimi na wewe na samaki wako."

Wiki mbili zile siziandiki. Nilikuwa mtu wa kukaa. Mke wa mzee ananiuliza jambo asubuhi, nalijibu mchana. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana nikichana. Faki alipata kazi ya kubebea watu mizigo sokoni na kila jioni alikuja na habari mpya, na mimi nikawa simsikii. Kilichonishughulisha ni kimoja: nilikuwa nimeitupa safi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa nangoja iliyo kweli.

Siku ilipofika walitunywesha dawa, mimi na Mama Njeri, kwa mrija, na yule mtoaji dawa amesimama mbali. Tukaambiwa turudi kesho yake. Kesho yake unalazwa chali juu ya meza ngumu, na juu yako kuna kitu kizito cha chuma kinachokwenda kulia, kinarudi kushoto, kinashuka kidogo, kinakwenda tena. Kinagonga tak, tak, tak. Pale penye dawa iliyojikusanya kinagonga kwa haraka. Mwaka jana walinieleza hivyo, na laiti wasingenieleza, maana nililala pale nasikiliza. Kilipopita shingoni kiligonga tak. Tak. Nikawa nasoma kila nilichohifadhi, na katikati ya aya kikagonga mara mbili karibu karibu, nikasahau nilipofika. Nikaanza upya.

Nilitoka, akaingia Mama Njeri. Nilikaa nje ya mlango nimeshika kapu lake. Mlango haukuwa mzito. Nilisikia tak, tak, tak, kisha nikasikia kama mtu anamwaga choroko kwenye sinia.

Sikutaka kusikia. Nilimwomba Mungu nisiwe nimesikia.

Walituita mmoja mmoja. Mimi daktari aliniambia, na mkalimani akanirudia: hawaoni kitu. Vidonge nianze leo. Kwa sasa ni safi, nirudi mwakani. Faki alipiga takbira pale pale mpaka nesi akamtazama. Mimi nilishika "kwa sasa". Nililishika nikaligeuzageuza, na nilipotoka nje ya mlango bado nilikuwa nalo.

Mama Njeri alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama karibu na benchi na nesi mmoja amemshika kiwiko.

"Wewe?" akaniuliza.

Nilitamani kumdanganya. "Wamesema nirudi mwakani."

"Vizuri." Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Mimi nabaki. Iko kifuani." Akalitazama kapu mkononi mwangu. "Ndani kuna viazi vitamu. Nilichoma vya kula njiani nikirudi nyumbani. Chukua wewe, wewe unarudi."

Nilikuwa nimefurahi, jamani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimesimama mbele ya mwanamke yule, na ndani yangu kuna kitu kinacheza ngoma, na sikuweza kukinyamazisha.

Kurudi

Viazi vile nilivila kwenye gari moshi. Vilikuwa vitamu, na nilivila vyote. Mombasa tulimwambia Mwanasaada kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, na mchicha wake pia. Akatupikia papa mzima mzima na mimi nikala. Bahari ilikuwa imetulia, meli zilikuja kwa saa zake, na Wesha maji yalikuwa yamejaa tele. Ndivyo njia ya kurudi inavyokuwa, haina la kusimulia.

Wambaa mlikuja kunilaki, mnakumbuka. Mlipiga vigelegele, mkasema Riziki kapona, na nikasema alhamdulillahi kila aliponiambia mtu. Lakini kila mara neno "kapona" liliniingia upande. Watu wakishaondoka kidole kilianza njia yake, chini ya sikio, chini ya taya. Nilidhani nikirudi safi nitakuwa mtu wa zamani. Mtu wa zamani hayupo.

Kesho yake alasiri, kabla sijarudia kazi yangu ya kushona, sijatia sindano kwenye nguo ya mtu, nilikwenda kwa Bi Mkasi. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Mombasa, makali. Alikuwa barazani palepale, karafuu za mchumo wa pili, vikonyo huku, karafuu kule.

"Nimerudi," nikasema.

"N'nakuona."

"Nimezunguka dunia nzima na haki yako shingoni. Nimelala chini ya chuma nakufikiria wewe. Nimekukosea nini, Mkasi? Kama ni Faki na mumeo, sema. Nipe radhi yangu niondoke."

 Alisukuma kirundo cha karafuu pembeni.

"Wamekwambiaje?"

"Wamesema kwa sasa hawaoni kitu. Nirudi mwakani."

Mikono yake ikasimama. Nilimwona anafunga macho, na midomo inatikisika kidogo, na nikajua anashukuru. Kisha akafungua macho, na alikuwa amekasirika, Bi Mkasi, amekasirika kweli kweli, na machozi yanamtoka.

"Mwaka jana nilikupa," akasema. "Nilikupa nikalia, na kila mtu kakupa akalia. Ukenda zako huna unachodai wala unachodaiwa. Nikakaa hapa siku zote zile nasema, Mkasi, umemfungulia mwenzio mlango kwa mkono wako. Mtu kishapewa radhi na mji mzima, arudie nini tena? Safari hii nikasema mie sikupi. Akasirike. Akasirike arudi anidai."

Nilikaa.  Maneno yangu yote ya Mombasa yalikuwa yamekwisha, na sauti nayo ilikatika, nikafumbua mdomo hakikutoka kitu. Yeye akadhani namngoja.

"Na mwakani usije kunitaka," akasema, anajifuta uso kwa ncha ya kanga, "maana sikupi. Wala mwaka wa pili wake."

Akasukuma sinia mpaka katikati yetu, nikaanza kuchambua.